Katriji ya miksa ya bafuni: nzuri, ila boksi lake linadanganya

Nyota nne kwa hiki kidude cha ndani ya koki kinachofungua na kukata maji. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya maneno matatu yaliyoandikwa kwenye boksi: "Inafaa miksa zote."

Nyumba niliyopanga ina miksa ya mkono mmoja bafuni. Unainua, maji yanatoka. Unageuza kushoto, yanakuwa ya moto. Ilianza kudondosha tone tone usiku, mwisho ikawa mchirizi hata mkono ukiwa umeshushwa kabisa. Mimi nimezoea koki za kuzungusha, zile ambazo ukibadilisha washa ya mpira kazi imekwisha. Hii nimeizunguka yote nisione hata skrubu moja. Nikampigia mwenye nyumba. "Badilisha tu mwanangu, tutakatana kwenye kodi. Ila usinivunjie vigae."

Skrubu ipo, imejificha nyuma ya kile kidoa chekundu na buluu. Funga maji kwenye koki kuu kwanza, kibandue kidoa kwa ncha ya kisu, ndani utakuta skrubu yenye tundu dogo la alenki, kile kifunguo cha pembe sita. Na tafadhali ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa. Mimi sikuziba, nikasikia "tik!", kisha nusu saa nimepiga magoti na tochi mdomoni. Kumbe skrubu imenasa kwenye ukingo wa kichujio.

Mkono ukitoka, kofia inayong'aa inafunguka kwa vidole, halafu kuna nati kubwa inayotaka spana. Chini yake ndiyo katriji yenyewe, kidude cha plastiki ambacho ndani kina visahani viwili vya seramiki vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Matundu yakikutana maji yanapita, yakiachana yanakatika. Kitakoni ina mipira mitatu: wa maji ya moto, wa baridi na wa kutokea. Kwenye ile ya zamani mmoja ulikuwa umebapa na kukauka kama ganda.

Sasa uongo wa boksi. Zipo katriji za milimita 35 na za milimita 40, na kwa macho hutofautishi. Niliamini maandishi, nikarudi na ya 35, ikawa inacheza ndani ya shimo kama jino bovu. Duka lilinibadilishia bila maneno, nashukuru. Hata hiyo ya 40 si moja: nyingine kitako ni bapa, nyingine kina miguu, na vile vijipini viwili vya chini lazima viangukie kwenye vijishimo vyake. Safari ya pili nilikwenda na ya zamani mfukoni.

Kabla ya kuweka mpya nilisugua shimo kwa mswaki na siki nyeupe, maana chokaa ilikuwa imeganda na punje moja tu inatosha kuzuia mipira isikae sawa. Nati nimeikaza kwa kiasi. Ukiikaza mno mkono unakuwa mzito.

Huu mwezi wa nne, hakuna tone. Mkono unateleza vizuri, na uvuguvugu naupata mara moja badala ya kuwinda. Malalamiko mengine ni kwamba haikuja na karatasi ya maelekezo, na ile pete ya kuzuia mkono usifike mwisho wa moto imetoka kiwandani ikiwa wazi kabisa. Mwenye watoto airekebishe kabla hajarudisha kofia.

Ile ya zamani iko kwenye droo ya vijiko. Miksa ya jikoni nayo imeanza kutoa jasho.