Ngumi kwenye hoki: NHL au Olimpiki?

Kwenye NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, wachezaji wawili wakitupa glavu na kuzichapa, waamuzi kwa kawaida husubiri mmoja aanguke kwenye barafu ndipo waingilie. Adhabu ni dakika 5 kila mmoja, kisha wanarudi mchezoni. Olimpiki ukipigana unatolewa, basi.

Mimi niko upande wa Olimpiki, ingawa Februari 15, 2025 kule Montreal, kwenye mashindano ya mataifa manne (4 Nations Face-Off), Marekani na Kanada walipozichapa mara 3 ndani ya sekunde 9 za kwanza, kwa kanuni za NHL, niliruka kitini kama mtoto. Lakini fainali yao siku 5 baadaye, Boston, haikuwa na ngumi hata moja na ilinoga zaidi: Connor McDavid wa Kanada akaimaliza 3-2 kwenye muda wa nyongeza.