Canon 6D used baada ya mwaka mzima wa kumbi za Dodoma: chenga zimepungua, ila sio kwa sababu niliyodhani

Nianze na picha iliyonifanya niinunue. Sendoff moja Area D, ukumbi taa zote ni LED za zambarau na bluu, DJ kamwaga moshi, mama wa bi harusi anaingia anacheza na kitenge chake, mimi nina kamera yangu ya mwanzo ya kropu (yenye sensa ndogo, sensa ni kile kibamba kinachopokea mwanga) na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi, ISO (jinsi kamera inavyoukuza mwanga iliopata) nimeisukuma mpaka 6400 ndo mwisho wake. Kwenye kioo cha nyuma picha iko poa kabisa. Nafika home naiweka kwenye laptop, naivuta mpaka kwenye shavu, aisee, shavu lina vidoti vyekundu na kijani na zambarau kama TV ya chogo enzi za antena. Chenga tupu. Mwenye shughuli hakusema neno ila siku napeleka albamu alipofika ukurasa ule aliufunua harakaharaka, nikaelewa.

Nikajichanga. Nikapata 6D used Dar, milioni moja na laki tatu bodi tupu bila lenzi, nikaifuata mwenyewe nikarudi na SGR nimeipakata toka stesheni mpaka huku. Kamera ilitangazwa 2012 so sio mtoto, ila sensa ni fulufremu, yaani kubwa kuliko ya kropu, megapikseli 20, ISO kuanzia 100 mpaka 25600, na ukifungua kwenye menyu inafika 102400. Hiyo 102400 iache tu, ipo kwa ajili ya kuandikwa kwenye boksi.

Sasa ujinga wangu wa kwanza. Nimefika Dodoma, nachukua lenzi zangu za zamani zilizoandikwa EF-S, hazikai. Zile ni za kropu tu, kwenye bodi ya fulufremu haziingii hata ufanyeje, na wala usilazimishe. Bodi ya milioni na laki tatu imekaa wiki mbili kabatini haina lenzi nasubiri hela nyingine, mpaka nikapata 50mm f/1.8 used (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi). Kama unahama kutoka kropu weka bajeti ya lenzi kabla ya bodi, usije ukalala na njaa kama mimi.

Na hiyo lenzi ndo ilinifungua macho, maana kabla sijaanza kuisifia 6D nikaipachika kwanza kwenye ile kamera ya zamani, sebuleni, taa moja, mdogo wangu kakaa kwenye kochi. Lenzi ya boksi nikiivuta mwisho inafungua f/5.6 tu, kwa hiyo ISO 6400. Hii nikaiweka f/2, ambayo inaingiza mwanga mara 8, ISO ikashuka mpaka 800. Picha safi! Kamera ileile ya chenga! Nikakaa kimya kidogo nikiifikiria ile milioni na laki tatu.

Maana watu tunailaumu ISO wakati ISO yenyewe haizalishi chenga kama tunavyodhani, kinacholeta chenga ni mwanga kuwa mchache. Fikiria mvua ya rasharasha ikidondokea kwenye vumbi la huku kwetu, ardhi inakuwa madoadoa, hapa kumelowa pale kukavu, hakuna mpangilio. Ikija mvua ya kweli ardhi yote inalowa sawa. Mwanga nao unadondoka kwenye sensa kwa matone, gizani kila kitundu kinapata matone machache yasiyolingana na ya jirani yake, ISO inachofanya ni kukuza kile kilichopatikana pamoja na madoa yake. Ukikusanya mwanga mara 4 chenga zinapungua nusu ukilinganisha na picha yenyewe, sio robo, ndo maana kupunguza chenga ni kazi.

Kwa hiyo 6D inasaidia wapi? Pale lenzi inapoisha. Maharusi wanacheza, lenzi umeshaifungua mpaka mwisho, shata (muda kamera inapokea mwanga) huwezi kushusha chini ya 1/200 ya sekunde maana mikono itakuwa ukungu, flashi ya kugongesha juu haifai kwa sababu dari lote limefunikwa vitambaa vya zambarau (sijui nani alianzisha hii habari ya vitambaa, apumzike sasa). Hapo huna pa kukimbilia zaidi ya ISO, na sensa ya fulufremu eneo lake ni kama mara mbili na nusu ya kropu ya Canon, kwa apecha (uwazi wa lenzi) ileile na shata ileile inakunywa mwanga zaidi. Hapo nimeona tofauti kwa macho, hailingani kabisa.

Namba zangu za ISO kwenye 6D ni hizi. 3200 natumia bila kuwaza. 6400 chenga zipo ila ni laini, punjepunje kama picha za filamu, na ukiprinti inchi 8 kwa 12 hazionekani, na kwa mtu wa WhatsApp picha ikishapunguzwa ndo kabisa zinamezwa. 12800 napiga kama tukio halirudii, mfano baba anamkabidhi binti. 25600 naigeuza black and white na kusingizia ni staili.

Ila kuna mtego na nimeuona kwa wengi hapa mjini. Gauni jeupe. Kamera inapima mwanga ikitaka kila kitu kiwe cha wastani, ikikuta gauni limejaa kwenye fremu inadhani kuna mwanga mwingi, inapiga giza. Gauni linatoka kijivu na uso wa bi harusi, hasa mweusi kama sisi, unazama kwenye kivuli, na chenga makazi yake ni kivulini. Halafu unafika home unapandisha mwanga wa uso kwenye Lightroom (programu ya kuhariri picha), hapo umezifufua zote. Yaani kwa Canon za umri huu picha ya ISO 6400 iliyopigwa ikiwa na mwanga wa kutosha ni safi kuliko ya 1600 iliyopigwa giza ukaja kuipandisha baadaye. Mimi gauni likijaa naongeza stopu moja (mwanga mara mbili), naangalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) weupe usije ukapasuka, basi. Nilivyokuwa naogopa kupandisha ISO ndo nilivyokuwa napata chenga nyingi, miaka miwili yote hiyo!

Taa za bluu na zambarau hakuna kamera itakayokuokoa, uso umepata mwanga wa bluu tu, ukirekebisha rangi unaivuta nyekundu na kijani ambazo zilikuwa na njaa, zinakuja na chenga zao. Mimi siku hizi namwendea mtu wa taa mapema, namnunulia soda, namwomba aniwekee taa mbili nyeupe za mbele wakati wa keki na zawadi. Soda buku tu imenipunguzia chenga kuliko settingi yoyote.

Piga RAW (faili ghafi kabla kamera haijaichakata). Kwenye JPEG kamera inazifuta chenga yenyewe na ukiiweka kwenye kiwango cha juu inafuta na ngozi, watu wanakuwa madoli, misuko inageuka uji. Lightroom tangu 2023 ina Denoise ya AI inayosafisha RAW vizuri mno, 12800 inakuwa kama 3200, ila kompyuta yangu haina nguvu, picha moja inakula dakika kadhaa feni inalia, so nachagua chache naziacha usiku.

Mabaya yake: pointi za fokasi 11 tu, na ya katikati ndo yenye akili. Ila hiyo ya katikati inashika mpaka kwenye mwanga wa mbalamwezi, nafokasi nayo kisha nahamisha fremu. Slot ya kadi ni moja, kwa kazi ya harusi hii inaninyima usingizi, nabadilisha kadi kila nusu ya shughuli. Kioo cha nyuma hakigeuki.

Mwezi uliopita nilienda Mvumi, kwenye shughuli ya kifamilia usiku akina mama wakapiga muheme, ngoma ya Wagogo, ngoma wamezibana mapajani, mwanga wetu ni taa moja ya sola na moto. 12800, f/2, pointi ya katikati kwenye jicho la bibi mmoja aliyekuwa anaongoza. Nikaisafisha, nikaiprinti 8 kwa 12, nikampelekea. Mimi nimesimama pale nasubiri aione ile ngozi ilivyotulia, hakuna chenga hata moja. Kaigeuza, kaisogeza mbali, kaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona ngoma yangu umeikata?"