Fenda na raba za Datsun 240Z nilizoagiza nje: kilichokaa na kilichonishinda

Mlango wa dereva wa Datsun yangu sasa unafungwa kwa kidole. Miezi mitatu nyuma nilikuwa nausukuma kwa nyonga, na abiria alikuwa anaubamiza mara mbili, taa ya ndani bado inawaka. Chanzo cha taabu hiyo kilikuwa raba mpya za kuziba kingo za milango, nilizozilipia mwenyewe, tena kwa furaha.

Gari ni 240Z: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili. Aina hiyo ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 na Shekhar Mehta, mwaka ule ambao yeye na Harry Källström walifungana kwa pointi za adhabu hadi kanuni ikaamua mshindi. Langu halijawahi kushindana na kitu isipokuwa kutu.

Niliagiza vitu vitatu kwenye duka moja la mtandaoni la ng'ambo: fenda ya mbele kushoto, seti ya raba za milango, na raba ya buti. Vyote si orijino, vimetengenezwa na watu wengine kwa ajili ya gari hili, na tangazo lilisema vinakaa bila marekebisho. Fenda ni bati jembamba lakini kubwa, hivyo usafiri ulikula hela kuliko nilivyotegemea, na forodha kodi inapigwa kwenye bei ya kitu pamoja na huo usafiri, VAT ya asilimia 18 ikiwa juu yake. Piga hesabu kabla hujabonyeza kitufe cha kununua.

Nianze na kilichonifurahisha. Gari hizi, Z kwa kifupi, zina ugonjwa unaojulikana: raba ya buti ikichoka, moshi wa eksozi unarudi ndani gari likiwa mwendoni. Nilikuwa nikitoka Arusha kwenda Moshi, kilomita 80 hivi, nashuka shati linanuka kama nimelala gereji. Raba ya buti niliyoletewa ilikaa siku ileile, ncha zikakutana vizuri, na harufu imeisha. Nyota nne. Ya tano naiweka hadi nione jua la Januari limeifanyaje.

Fenda niliipeleka kwa fundi wangu mtaa wa Unga Limited, Arusha. Kazi yake ya kila siku ni Landcruiser za utalii, kuzikata na kuzirefusha, kwa hiyo bati halimtishi. Mimi nilikuja nimeshanunua na rangi. Akaniambia, "Bosi, hiyo rangi irudishe kwenye buti kwanza. Hatupaki kitu ambacho hakijakaa." Akaifunga kavu kwa bolti nne tu, akarudi nyuma hatua tano, akachuchumaa, akatikisa kichwa.

Matundu ya juu kando ya boneti yalikubali. La karibu na nguzo ya mlango lilikuwa limepita kwa milimita sita. Upenyo kati ya fenda na mlango ulikuwa mwembamba juu, huku chini unapitisha kidole, na ule mkunjo wa ubavuni unaotakiwa kutiririka hadi mlangoni ulikuwa unapanda ngazi. Nikaanza kumtukana muuzaji. Fundi akachukua kamba, akapima msalaba pua ya gari, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Hazikulingana. Kumbe gari langu liliwahi kugongwa mbele kushoto, likanyooshwa nusunusu, mwenye kuniuzia akanyamaza. "Milimita tatu ni zao," fundi akasema, "tatu ni za kwako."

Kwa hiyo fenda naipa nyota tatu. Iliondoka na siku mbili za fundi: kuvuta pua kidogo, kupanua matundu mawili kwa tupa, kugonga mdomo wa taa kwa nyundo ya mti, na puti ya kujazia mabonde kiasi cha kijiko. Imekaa. Ila "bila marekebisho" ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kulifungua gari la miaka hamsini.

Raba za milango ndizo nisizozisamehe. Ukizishika unaona tofauti papo hapo. Raba ya zamani ina tundu katikati, ukiibana inalala. Hii mpya ina tundu dogo na nyama nene, ngumu kama soli ya kandambili. Duka likaniandikia niipe wiki mbili, italainika. Nikasubiri mwezi. Kilicholainika ni mkono wangu. Fundi alinionya kwamba nikiendelea kubamiza hivyo kitasa hakimalizi mwaka, na bawaba za Z si za kuchezea.

Akanionyesha kwa chaki. Alipaka raba nzima, akafunga mlango kwa nguvu, akafungua. Kwenye fremu alama ilikuwa pana upande wa bawaba, na pembeni juu karibu na kioo hapakuwa na kitu kabisa. Yaani raba inausukuma mlango nje mahali pasipotakiwa, na panapotakiwa kuziba haigusi. Ndiyo maana nilipokwenda kwa rafiki yangu anayekaa Oljoro nilirudi na vumbi kwenye dashibodi ningeweza kuandika jina.

Nikaliomba duka nizirudishe. Jibu: zimeshafungwa, hatupokei, na usafiri wa kurudi ni juu yako. Nyota moja, kwa sababu hakuna sifuri.

Dawa ilikuwa palepale gereji. Wanaotengeneza gari za utalii kutwa wanapambana na vumbi, na wana roli za raba laini yenye tundu, inayouzwa kwa mita. Fundi akakata, akaunga ncha chini ya kizingiti ambako maji yanatoka yenyewe, akapima kwa kipande cha gazeti kila mahali: kikivutika bila kukwama, anarudia. Nilikuja kusoma baadaye kwamba wenye Z kule Marekani wengi wao hukimbilia raba za milango za Kia Sportage za zamani kwa sababu hiihii. Sikuwa peke yangu, basi.

Fenda ya kulia nayo imeoza chini, karibu na kizingiti. Hiyo siagizi. Nimemwambia fundi akate kilichooza achomelee bati, na amenipa zamu baada ya Landcruiser mbili.