Miezi minane na FFmpeg ndani ya programu yangu mwenyewe

Shemeji yangu ana studio ya video Ngamiani, hapa Tanga. Kamera yake inarekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, maana yake saa moja tu inakula zaidi ya gigabaiti 22, na harusi zetu, kuanzia kupamba hadi ngoma ya usiku, haziishi kwa saa moja. Alikuwa anakesha anabana faili moja baada ya nyingine, yaani kulipunguza ukubwa. Akaniambia, "Shemeji, nifanyie kitufe kimoja, nikibonyeza niende nikalale."

Nikaandika programu ya dirisha kwa Python, kazi ya kubana nikaiachia FFmpeg, programu huria ya kushughulikia video inayoendeshwa kwa amri za maandishi. Nilianza na HandBrakeCLI, programu nyingine ya kubana video kwa amri, na kwa mtu anayetaka kubana tu naipendekeza bila wasiwasi. Sisi tulihitaji pia kuweka nembo ya studio pembeni mwa picha na kuunganisha vipande, ndiyo maana nikahamia FFmpeg.

Katika kubana kwenyewe sina lawama hata moja. Kipimo cha ubora cha libx264, sehemu ya FFmpeg inayobana picha, kinaitwa CRF; kwa kawaida huanzia 0 hadi 51, chaguo lake la kawaida ni 23, na namba ikipanda ubora unashuka. Nilipojaribu 28, pazia la jukwaani lenye taa ndogondogo lilianza kufanya miraba miraba. Kwa 21 shanga za gauni la bibi harusi zinahesabika. Tukabaki hapo.

Kilichonisumbua ni namna ya kuzungumza nayo kutoka kwenye programu yangu. FFmpeg ina midomo miwili: mkondo wa matokeo na mkondo wa makosa, na maelezo yake mengi, hata yasiyo makosa, hutokea kwenye huo wa makosa. Mimi niliifungulia mabomba yote mawili, yaani njia za kupokea mikondo hiyo, lakini nikasoma moja tu. Kwenye laptopu yangu ya Linux, kwa vipande vya nusu dakika, mambo yalikwenda vizuri. Studioni, kwenye Windows, kazi iliganda kabla ya kufika asilimia 2. Hakuna ujumbe, hakuna kosa. Nilikaa siku mbili nikilaumu diski. Kumbe bomba nisilolisoma lilikuwa limejaa, FFmpeg inasubiri nafasi ya kuandika, nami nasubiri neno kutoka kwake. Dawa ni kusoma mikondo yote miwili kwa wakati mmoja, au ule wa makosa uuelekeze kwenye faili. Nilichagua faili, kwa sababu kazi ikifeli nataka kuona ilisema nini.

Kuonyesha maendeleo nako kuna mtego. Usichambue ile mistari inayopita kwenye dirisha jeusi; tumia -progress pipe:1, utapata jozi safi za jina na thamani. Urefu wa video unaupata mapema kwa ffprobe, chombo kinachokuja pamoja na FFmpeg, kisha unagawanya muda uliokwisha kubanwa kwa urefu huo. Ila kuna kipengele kinaitwa out_time_ms, nami nikakiamini jina lake. Thamani yake si milisekunde, ni maikrosekunde, na mstari wangu ulijaa mara tu kazi ilipoanza. Soma out_time_us, ambacho jina na thamani yake vinakubaliana.

Amri ipelekwe kama orodha ya vipande, kamwe isiwe sentensi moja ndefu. Shemeji huyaita mafaili yake majina kama "Kung'ara kwa Bibi Harusi", lina nafasi na lina ile alama ya ng', na yote mawili huvuruga amri iliyounganishwa kwa mkono.

Kitufe cha kusitisha nilikiandika vibaya mwanzoni: kiliua FFmpeg papo hapo. Faharasa ya faili la MP4, yaani orodha inayoonyesha kila picha iko wapi, kwa kawaida huandikwa mwishoni, kwa hiyo faili lililokatwa njiani halifunguki hata kama lina saa nzima ya picha. Sasa natuma herufi q kwenye mkondo wa kuingizia, nayo inafunga faili kwa utaratibu. Kwa umeme kukatika, q haisaidii. Tulipoteza kazi ya usiku mzima mara moja, mama wa bibi harusi akija asubuhi kuchukua flashi yake, na iliniuma sana. Tangu siku hiyo nabana kwanza kwenda MKV, aina nyingine ya faili la video ambayo hustahimili kukatwa, kisha nahamishia kwenye MP4 kwa -c copy. Hatua hiyo haibani upya, inachukua muda mfupi mno.

Jambo dogo lakini usilisahau: kamera hiyo inatoa rangi za biti 10, na runinga nyingi za majumbani huzikataa zikiwa ndani ya H.264, muundo wa video unaotolewa na libx264. Weka -pix_fmt yuv420p, inayozirudisha kwenye biti 8.

Wapo wanaoshauri kuunganisha maktaba zake, libavcodec na wenzake, moja kwa moja ndani ya programu. Kwa kazi kama yangu sikubaliani nao. Ikiendeshwa kama mchakato wa pembeni, yaani programu inayojitegemea nje ya yangu, faili bovu likiiangusha FFmpeg, dirisha langu linabaki wazi na foleni inaendelea na faili linalofuata. Hilo limeshatokea mara tatu, na shemeji alilijua asubuhi tu, alipokuta mstari mmoja mwekundu katikati ya mistari ya kijani.