TAHADHARI: Oili sili "mpya za boksi" zinazouzwa kwenye magrupu ya Arusha na Moshi

Wakuu, hasa mnaofungua injini wenyewe nyumbani, kuweni macho. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya magari ya Arusha na Moshi akitangaza oili sili (pete za mpira zinazozuia oili isivuje pale shafti inapotokea nje ya injini) orijino za Japani, bei karibu nusu ya unayoikuta kwenye maduka ya Unga Limited, Arusha. Duka hana. Unatuma hela kwanza, mzigo unakuja kwa boda; ukiwa Moshi anaupakia kwenye Kosta.

Mimi nilichukua sili ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini). Boksi safi kabisa, lina namba inayoanza na 90311 kama sili nyingi za Toyota. Ndani sasa! Sili ilikuwa imeshatembea, ikaoshwa kwa petroli (harufu bado ipo) halafu ikapakwa kitu cheusi ing'ae. Igeuze juani utaona kwenye mdomo wa mpira (ukingo wa ndani unaoibana krenki) mstari bapa uliosuguliwa na krenki ya mwenzako. Mdomo wa sili mpya una ukingo mkali. Springi ile nyembamba nyuma ya mdomo ilikuwa na kutu pale ncha zake zinapoungana, na ubavuni kuna kovu la bisibisi iliyoing'olea.

Nikamtumia picha. Jibu lake: "Boss hiyo umeiumiza mwenyewe wakati wa kufunga, haturudishi kilichofungwa." Krenki yangu wakati huo bado ina sili ya zamani, hata puli sijaitoa!

Nimeulizia, na wengine kadhaa wamepewa jibu hilohilo. Linawakamata watu kwa sababu sili kweli inaharibika kirahisi wakati wa kufunga. Mtu anaona oili inavuja tena, anajilaumu, anaenda kununua nyingine, tena kwa huyohuyo.

Kwa hiyo jueni kutofautisha. Ukiiumiza wewe, alama inakuwa mahali pamoja: mdomo umechanika sehemu moja, umekunjika kwenda ndani, au springi imeruka kwenye mfereji wake kwa sababu ya nyundo. Sili iliyochoka ni ngumu mzunguko mzima. Ukiubonyeza mdomo kwa kidole haurudi haraka, na mpira una nyufa ndogondogo. Hizo nyufa hazitokani na nyundo yako ya jana. Kuhusu rangi, msidanganyike na "hii ya kahawia ndiyo ya moto". Mpira wa FKM (aina ya mpira wa sintetiki) unavumilia joto la hadi nyuzi 200 hivi na mara nyingi ni wa kahawia, lakini kahawia haithibitishi chochote. Soma vipimo vilivyochapwa kwenye uso wa sili yenyewe: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Vilinganishe na vya sili unayoitoa, achana na boksi.

Na mfunge kwa namna ambayo hatapata pa kuwasingizia. Kabla ya kuigusa sili piga picha pande zote mbili, boksi likiwa pembeni. Ya zamani itoe bila kukwaruza krenki. Zungushia ncha ya bisibisi kitambaa, maana mkwaruzo mmoja kwenye chuma utavujisha hata sili ya dhahabu. Pitisha ukucha pale mdomo unapokaa. Ukinasa kwenye mtaro, tatizo si sili peke yake. Zungushia selotepu mfereji wa kii (kile kipande cha chuma kinachoishika puli kwenye krenki), ndio unaochana midomo ya sili nyingi. Paka oili safi kwenye mdomo, isipokuwa zile nyeupe za PTFE (Teflon), hizo kwa kawaida hufungwa zikiwa kavu. Upande wenye springi unaelekea ndani, kwenye oili. Isukume kwa soketi kubwa au kipande cha bomba chenye upana unaokaribia duara la nje la sili, gonga polepole ukizunguka, na uishie pale ya zamani ilipokuwa imekaa. Bisibisi na nyundo kona moja moja, hapana. Angalieni pia bomba la kupumulia injini. Likiziba, presha inasukuma nje hata sili halali.

Waliokwisha kununua: msiitupe. Tunzeni sili, boksi, meseji zake na ujumbe wa muamala. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na kama umetapeliwa hela, polisi wapo. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) huyu hatoi. Ukimdai anakuambia "mfumo uko chini".

Namba yake siweki hapa, anabadilisha laini kila akishtukiwa. Mtamjua kwa picha: maboksi yamepangwa vizuri, yote yamefungwa, hata moja halionyeshi sili yenyewe. Mwombeni apige picha ya mdomo wa sili kwa karibu, juani. Mimi nilipomwomba kwa laini nyingine, ali-block.