Programu inayojua kila kitu ila kusalimia

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mtu aliyetengeneza programu moja ya kompyuta nimemwandikia barua nzuri kulalamika, nimemjulia hali, nimemweleza mimi ni nani na niko Arua, Uganda, nimemshukuru kwa kazi yake, nimemwekea na picha nne za chipu. Akanijibu mistari miwili. Salamu hakuna, jina langu hakuna, ahsante hakuna. Mstari wa kwanza: kache, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya kompyuta, haipo. Wa pili: chipu hizo ni plastiki, programu iko sawa. Basi. Hata anayenidai hela hunibishia hodi kwanza, akauliza watoto wameamkaje.

Jina la programu silitaji. Ni ya DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa kabla ya Windows kuenea, ya kutambua kompyuta za zamani: unaiwasha, inakutajia modeli ya mashine, prosesa ambayo ndiyo ubongo wake, kumbukumbu na kadi zilizomo. Niliitaka kwa ajili ya mashine ya marehemu Mzee wangu, yenye prosesa ya 486DX2 ya 66 MHz. Aliinunua Kampala katikati ya miaka ya tisini, siku zile basi la kuja huku likisubiri msafara wa jeshi pale Karuma, kwa hofu ya waasi, kabla ya kuendelea Pakwach. Monita aliipakata, boksi lenyewe kalizungushia blanketi akaliweka katikati ya miguu, akaja nalo hivyo njia nzima. Kwa mashine hiyo alifungua ofisi ya kupiga chapa. Barua za wafanyabiashara wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, wosia, kadi za harusi, ratiba za mazishi, vyote alivipiga kwa WordPerfect 5.1 na printa ya utepe iliyosikika hadi kwa jirani wa tatu. Alipofariki niliifunika kitambaa, ikakaa.

Mpwa wangu ndiye aliyeifunua. Betri ya saa ilikuwa imevuja, akaing'oa, akasugua ukoko wa kijani kwa mswaki na ndimu. Sasa haina betri, kila ikiwashwa imesahau diski yake, inabidi tuiandikie upya ina silinda ngapi na vichwa vingapi kama mgonjwa anayeulizwa jina. Flopi tulikuwa na boksi zima. Zilizosomeka ni tatu. Programu tukaipakia kwenye moja.

Mara ya kwanza ikaganda. Iliandika kwamba inatafuta kadi ya sauti, ikatulia hapo, kibodi ikafa, tukazima kwa swichi. Mpwa akanieleza: mashine hizi za zamani hazina namna ya kuuliza kwa upole nani yupo. Programu inapita mlango kwa mlango inagonga, na kifaa kingine kikigongwa vibaya kinadhani kimepewa amri, kinavuruga wote. Sawa, nimeelewa. Lakini hata MSD, ile programu ya Microsoft ya kuchunguza mashine iliyokuja na Windows 3.1, ukiiandikia /I inaanza bila kugonga popote. Huyu bwana naye kaweka namna kama hiyo, kaificha ndani ya faili la maelezo lenye urefu wa Kurani.

Mara ya pili ikafika mwisho, na mstari wa juu kabisa ukasema: IBM AT.

Jamani. Boksi la Mzee halina jina, ni jeupe lililogeuka rangi ya chai ya maziwa, limeunganishwa na fundi vipande kwa vipande. IBM AT ni ya 1984 na ndani yake mna prosesa ya 286, ya kabla ya 486. Kumbe kuna baiti moja mwishoni mwa BIOS, ile programu ndogo iliyo kwenye chipu inayoamsha mashine, na baiti hiyo inataja aina ya mashine. IBM waliandika FC kwa AT, na waliokuja kuiga wakaiga na hiyo FC, ili programu zisigome. Kwa hiyo ukiisoma baiti hiyo peke yake, nusu ya kompyuta za dunia ya wakati ule ni IBM AT. Angeongeza maneno mawili tu, “au mfano wake,” ningenyamaza. Hakuongeza. Anatamka kama hakimu.

Prosesa aliipata sawasawa, DX2, kasi 66, kache ya ndani 8 KB. Chini yake sasa: kache ya nje, hakuna.

Hapo ndipo nilipochemka. Mashine hii kila ikiwashwa, tangu siku ya kwanza, inaonyesha jedwali lake na ndani yake imeandikwa 256K. Nimelisoma jedwali hilo tangu nikiwa mwanafunzi nasubiri Mzee amalize nimwombe karo. Na chipu zenyewe zipo, tisa, nyeusi, zimepangwa vizuri kando ya prosesa, zimeandikwa WRITE BACK kwa herufi kubwa. Nikazipiga picha. Nikamtumia kama ushahidi, nikaamini nimemkamata.

Mistari miwili ndiyo hiyo mliyoisikia. Usiku uleule nikampa nyota moja, na ile moja niliitoa kwa sababu mtandao haukuniruhusu kutoa sifuri. Niliandika na maneno mengine ambayo nimeshayafuta.

Siku kadhaa baadaye mpwa akaja na flopi ileile. “Mjomba, usikasirike, tazama kwanza.” Akafungua ukurasa wa vipimo, wenye mstari wa kuchora kasi. Programu hii haiulizi BIOS ina kache kiasi gani. Inasoma kipande kidogo cha kumbukumbu tena na tena, inapima muda, halafu inaongeza ukubwa: 1 KB, 2, 4, 8, 16, kuendelea. Mpaka 8 mstari ulikuwa juu, hiyo ni kache iliyo ndani ya prosesa. Kama kungekuwa na nyingine ya 256 nje, mstari ungeshuka kidogo, utembee mpaka 256, ndipo ushuke tena. Wetu ulipopita 8 ulidondoka mara moja hadi mwendo wa RAM, ukabaki chini huko mpaka mwisho. Ngazi ya pili haikuwapo.

Nikamwambia labda zimeungua. Hakubisha. Alichukua kisu kidogo, akaniuliza kwa macho, nikaitikia. Akachokonoa chipu ya pembeni, ikapasuka kama kifuniko cha kalamu. Ndani plastiki. Hakuna kitu kinachong'aa, hakuna unywele mmoja wa waya. Akageuza madabodi, lile bao kuu lenye chipu zote, kwenye mwanga wa dirisha, tukafuata njia za shaba kutoka kwenye miguu ya chipu kwa ncha ya sindano. Zilikwenda kidogo, zikakatika. Chipu ya kweli, akasema, ina namba ya kiwanda mgongoni. WRITE BACK si namba, ni maneno ya kumvutia mnunuzi. Na BIOS yenyewe ilikuwa imerekebishwa ili itaje 256 kwa mtu ambaye hakupewa hata moja.

Sijui nimkasirikie nani. Duka lile la Kampala halipo tena, na huenda mwenye duka naye aliuziwa hivyohivyo, maana uongo huu ulianzia kwa watengeneza madabodi. Mzee hakuujua, na WordPerfect haikuuona. Lakini nakumbuka lile blanketi, na Karuma.

Programu basi nimeipandisha. Nyota tatu. Nne, kama ningekuwa na moyo safi, kwa sababu katika miaka yote hiyo ndiyo pekee iliyokataa kudanganywa na lile jedwali. Hapana, tatu zinatosha: bado inaganda kwenye kadi ya sauti ambayo hatuna, na bado inaniambia nina IBM AT. Anayepima kache kwa saa asishindwe kupima neno lake la kwanza. Ukiitaka, soma kwanza lile faili lake, weka kando kazi zako zote ambazo hujazihifadhi, halafu usiitumie kwenye mashine ya mtu unayempenda.

Mpwa anasema nimwandikie yule bwana nimwombe radhi. Nitamwandikia. Nitaanza na salamu, ndefu, nimuulize na habari za nyumbani kwake, za wazee, za mvua, nione safari hii atajibu mistari mingapi.