Catfish na Twinsters: ipi iliwagawa wahakiki?

Filamu hizi mbili za hali halisi zinahusu kumtafuta mtu kupitia Facebook, lakini wahakiki hawakuzipokea kwa jicho moja.

Catfish, inayomfuata Nev Schulman, kijana aliyependana kupitia Facebook na mwanamke aliyetumia utambulisho wa uongo, ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2010. Ilisifiwa kwa taharuki yake, kisha maswali yakaanza: mbona kamera ya kaka yake Nev, Ariel, ilikuwa tayari kila mara? Waongozaji, Ariel mwenyewe na Henry Joost, walishikilia kwamba hawakutunga kitu. Swali zito zaidi, kwangu, ni jingine: je, ni haki kumfuata mwanamke huyo, mwenye mzigo wa ulezi, hadi nyumbani kwake Michigan na kamera, hata kama alidanganya? Shaka hizo hazikuizuia kuzaa kipindi cha runinga cha MTV mwaka 2012.

Twinsters (2015) ilipata njia nyepesi. Samantha Futerman, mwigizaji wa Marekani, anaandikiwa na Anaïs Bordier, Mfaransa aliyekuwa akisoma London. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili, wote walizaliwa Korea Kusini na kuasiliwa na familia tofauti, na kipimo cha DNA kinathibitisha upacha wao. Tamasha la SXSW la Marekani liliitambua kwa uhariri. Mimi naiona tamu mno: suala la watoto wa Korea kuasiliwa ng'ambo linaguswa juujuu tu.